"Ongeza kidogo tu, mwanangu": fundi wa Mlandizi hajui nyumba itaisha lini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 34, mke na watoto wawili, naishi Mlandizi. Kazi hii niliianza nikiwa saidia fundi, nabeba zege kwa ndoo, na sasa nina vijana wangu wanne ninaotembea nao. Sijawahi kugombana na mteja. Huyu wa sasa nakaribia kugombana naye, na ni mtu ambaye siwezi kugombana naye.

Mwezi wa pili mwaka huu mzee mmoja mstaafu aliniita nimjengee. Ni rafiki wa marehemu baba yangu, na nilipokuwa sekondari baba akaugua, yeye ndiye aliyenilipia ada ya muhula mzima. Tulikaa chini ya mwembe wake tukapatana: vifaa vyake, ufundi wangu. Akaandika kwenye karatasi aliyoichana kwenye daftari la mjukuu, tukasaini wote wawili: "Kujenga nyumba ya vyumba vitatu mpaka kupaua, ufundi Sh 6,500,000, miezi mitatu." Milioni mbili kwa msingi na jamvi la sakafu, mbili boma likifika lenta (ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha), mbili kwenye kupaua, laki tano tukikabidhiana.

Sasa ni mwezi wa tisa na hata papi moja, ubao wa kushikia bati, haijapanda.

Ilianza siku ya kupima msingi. Mzee alikuja na fimbo yake, akachora mstari mchangani, akasema, "Mwanangu, hapa sogeza kidogo, chumba cha mama kiwe na choo chake ndani." Nikasogeza. Baada ya wiki mbili ikaja stoo ya jikoni. Kisha baraza likaongezwa urefu, gari liweze kuingia chini yake, ingawa gari lenyewe bado halipo. Boma lilipofika lenta na zege limeshakauka, mama mwenye nyumba akaja akasimama sebuleni akasema pana giza kama ghala, madirisha mawili ya mbele ya futi tano yawe futi nane. Tukabomoa tofali. Nikaona nondo nilizoweka haziwezi kubeba upana ule, ikabidi tuvunje lenta kipande kile kwa nyundo, tusuke nondo upya na kumwaga zege upya. Siku nne, vijana viganja vimechubuka, na hakuna aliyesema lolote kuhusu hela. Katikati ya yote hayo wakasema, "Kwa kuwa vijana wapo hapo hapo, wachimbe na shimo la choo."

Shangazi, si kwamba mzee ni mbaya. Kila mchana ugali na maharage vinaletwa saiti, na Ijumaa samaki. Nami sikuwa mchoyo: baraza lao nililipiga tao zuri la mviringo bila kuombwa, ili wapita njia waulize ni fundi gani.

Wiki iliyopita binti yao aliye Uingereza ametuma picha kwenye simu ya mzee. Anataka nyumba ya kuficha bati, yaani kuta zipande kuzidi paa, bati lisionekane kwa nje. Mzee ananiambia, "Si ni kupandisha ukuta kidogo tu?" Mimi nimeshapokea milioni nne, zimekwisha zote kwa posho za vijana. Nimekopa laki nane kwenye kikundi cha mke wangu. Mteja wa Chalinze aliyenisubiri tangu mwezi wa sita amechukua fundi mwingine. Jana mke wangu ameniuliza kama ninajenga nyumba au ninalipa ada ile ya sekondari.

Nifanyeje? Niache kazi? Nimdai? Nikimdai nitaonekana mtoto asiye na shukrani.

Fundi, Mlandizi

*

Marahaba mwanangu.

Mkeo amekujibu kabla yangu, ila alilisema kwa hasira ukashindwa kulisikia. Ada ni deni la heshima na nyumba ni mapatano ya kazi. Wewe umevichanganya, na mzee naye, bila ubaya, amevichanganya. Ukitaka kurudisha ile ada, siku moja mpelekee bahasha umwambie, "Mzee, hii ni ya muhula ule." Usimrudishie kwa tofali, maana kwa tofali hutajua umemaliza lini, naye hatajua kama umelipa.

Mimi nimekuwa mkadiriaji majenzi, mpiga hesabu za gharama za ujenzi, zaidi ya miaka 20, na barua kama yako huwa naanza kuisoma kwenye ile karatasi iliyosainiwa. Yako ina mstari mmoja. Hebu uusome kama mtu asiyekujua. "Nyumba ya vyumba vitatu." Vya kulala, au vitatu kwa jumla? Choo kimo? Baraza limo, na urefu wake? Madirisha mangapi, ya futi ngapi? Halafu lile neno "mpaka kupaua". Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa ajili ya hili neno "mpaka". Fundi alimaanisha akifika hatua ya kupaua, amemaliza. Mwenye nyumba alimaanisha bati liwe juu na misumari imepigwa. Wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili sanifu kabisa.

Na sasa angalia jambo litakalokuuma: karatasi yenu haikusema paa la namna gani. Binti wa Uingereza akisema paa ni paa, na hili nalo ni kupaua, maneno yako mwenyewe yanamuunga mkono. Huna pa kuonyesha kidole ukasema, "Hapa ndipo kazi yangu inapoishia." Ndiyo maana kila "kidogo" imepita. Bandu bandu huisha gogo, na wewe shoka ulimkabidhi mwenyewe.

Lile tao la mviringo nalo lazima nilitaje, ingawa najua unalipenda. Hakuna aliyekuomba. Ulilipiga kwa mapenzi na kwa kutaka kujitangaza, sawa, lakini mzee alijifunza nini pale? Kwamba kwako vitu vinaongezeka bila bei. Fundi anayeongeza bila kuombwa atamwambiaje mteja kwamba kuongeza kuna gharama? Ukitaka kumpa mtu zawadi, mpe siku ya kukabidhi funguo, na uiite zawadi.

Usidhani haya ni ya Mlandizi tu. Ile nyumba ya opera ya Sydney, Australia, yenye mapaa kama matanga ya jahazi, ilikadiriwa mwaka 1957 kuwa dola milioni 7 za kule, na ilipangwa imalizike mwanzoni mwa 1963. Ilifunguliwa Oktoba 1973 kwa dola milioni 102. Walianza kujenga mwaka 1959 kabla hawajajua yale mapaa yatajengwaje, maana wanasiasa walikuwa na haraka, na baadaye nguzo za chini zikaonekana haziwezi kubeba uzito, zikabomolewa, zikajengwa upya. Si lenta yako hiyo? Halafu ukumbi mkubwa, uliopangwa utumike kwa opera na kwa muziki, ukabadilishwa kuwa wa muziki peke yake, na mitambo ya jukwaa iliyokuwa imeshafungwa ikang'olewa. Msanifu wake, Jørn Utzon, aliondoka kazini mwaka 1966 kazi ikiwa haijaisha, na hata siku ya ufunguzi hakuwepo. Wale walikuwa na wahandisi na serikali nzima nyuma yao. Wewe ulikuwa na karatasi ya mjukuu.

Sasa tuje kwenye unachopaswa kufanya, na kifanye kabla ya Jumamosi.

Usiache kazi. Ukiondoka leo umeshika milioni nne na boma halina paa, mtaa mzima utakuwa na maneno yake, na hayatakuwa ya kweli ila yatakaa. Ila kuanzia kesho asubuhi vijana wasiguse tofali lolote la ukuta wa kuficha bati. Hata moja. Waweke kwenye kazi iliyomo katika mapatano, na kama haipo, wapumzike. Siku ya kupumzika inakuuma kidogo, lakini kozi moja (mstari mmoja wa tofali) ya ukuta ule ukiipandisha, umeshakubali yote.

Usiku huu chukua daftari jipya. Upande mmoja andika kile ambacho nyinyi wawili, kwa dhamiri safi, mlikuwa nacho akilini chini ya mwembe: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo kimoja, baraza dogo, madirisha ya futi tano, paa la kawaida la kuonekana. Upande wa pili andika kila kilichoongezwa, kwa mpangilio wa tarehe kadiri unavyokumbuka: nani aliomba, siku ngapi, vijana wangapi. Usitie chumvi hata siku moja. Mzee huyu alisimama na fimbo yake kila siku na anakumbuka kuliko unavyofikiri, akikukamata kwenye jambo moja la uongo, hayo mengine yote yataanguka nalo.

Ukimaliza kuandika, kata mwenyewe. Tao lifute, hilo ni lako. Baraza utaliamua wewe. Mimi ningeliacha, kwa sababu ukidai kila kitu utaonekana uliweka vinyongo miezi saba ukisubiri siku ya kuvitoa, na kwa kweli kukaa kimya muda wote huo ni kosa lako pia. Dai yale ambayo mtu akisimama uwanjani anaweza kuyaonyesha kwa kidole: choo cha ndani, stoo, lenta iliyovunjwa. Shimo la choo dai posho za vijana tu kwa siku walizochimba, usiweke faida. Jumla yake usiishushe kwa aibu wala usiipandishe kwa hasira.

Kisheria una haki, ikikusaidia kujua. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haisemi kila mapatano lazima yaandikwe, hata ya mdomo yanafunga. Shida ya mdomo ni ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umepoteza miezi. Lakini sikupeleki mahakamani na rafiki wa baba yako. Nakupeleka barazani kwake.

Nenda jioni, baada ya swala au baada ya chakula, wakati ametulia. Mama awepo. Omba binti apigiwe simu, iwekwe sauti ya wote kusikia. Hili la binti usiliache, maana sehemu kubwa ya tabu yako ni kwamba una mabosi watatu: mzee ana fimbo, mama ana macho ya giza la sebuleni, binti ana picha. Kila mmoja anadhani anaongeza kitu kimoja tu. Mbele ya wote omba jambo hili: "Naomba nyumba iwe na mdomo mmoja. Mkishakubaliana ninyi kwa ninyi, mzee ndiye aniambie." Utashangaa ni maombi mangapi yatafia sebuleni kwao kabla hayajafika saiti.

Kisha fungua daftari. Mzee atasema, nakuhakikishia, "Mwanangu, malizia tu, tutaelewana." Neno hilo "tutaelewana" limefilisi mafundi wengi kuliko mvua za masika. Usilikatae. Sema, "Mzee, ni kweli, na ndiyo maana nimekuja tuelewane leo, wakati bado tunapendana." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kupunguza bei.

Kwenye bati sasa, maana hapa ndipo utakapozama usipoangalia. "Kupandisha ukuta kidogo tu" hebu tukihesabu hicho kidogo. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10, yako haitakuwa mbali na hapo. Mzunguko wake ni mita 44. Tofali la inchi 18 pamoja na kiungo chake linakula kama sentimita 47, kwa hiyo kozi moja ni tofali 94. Kozi tano, ambazo ni kama mita moja na robo kwenda juu, ni tofali 470, na hapo sijaweka kona za choo na stoo mlivyovisukuma nje. Juu yake inatakiwa mkanda wa zege, la sivyo ukuta ule unasimama peke yake hewani unasubiri upepo. Ndani yake unahitaji mfereji wa kupokea maji ya bati, wenye mteremko na matundu ya kutosha ya kuyatolea nje, na pale bati linapokutana na ukuta lazima pazibwe vizuri. Nyumba za kuficha bati ni nzuri kwa picha, lakini nimeingia katika nyingi mno ambazo dari lina ramani za maji, kwa sababu fundi aliambiwa "kidogo tu" naye akafanya kidogo tu. Maji ya masika hayajui kwamba mlipatana kienyeji.

Kwa hiyo usimwambie hapana. Mwambie: "Inawezekana, mzee. Gharama yake ni hii, siku zake ni hizi." Umwonyeshe hesabu ya tofali, nondo na saruji atakazonunua yeye, kisha ufundi wako, kisha ni wiki ngapi zinaongezeka. Mweleze ukweli wote, pamoja na kwamba paa la kulala, lenye mteremko mdogo, linaweza kupunguza mbao za kenchi zinazobeba bati, asije kulisikia kwa fundi mwingine akakuona mjanja. Na mkumbushe kwamba kama kibali cha halmashauri kilitolewa kwa ramani ya kwanza, choo, stoo na sasa paa hili havimo kwenye ramani ile. Arudi kwa aliyeichora airekebishe, na aulize pia kama msingi na kuta hizi zinabeba. Swali hilo si la kwako kulijibu kwa kukisia, na lenta imeshakufundisha. Wakiona hesabu, huenda wakasema bati lionekane tu. Huenda wakasema twende. Kwako yote mawili ni sawa, mradi limelipiwa.

Kila ongezeko kuanzia siku hiyo liwe na karatasi yake, fupi, ambayo mtu anaweza kuisoma amesimama. Mimi niliwahi kumwandikia fundi mmoja wa Bagamoyo maneno ya namna hii, nayo yakamtosha mpaka leo; hapa nimeyageuza yafae madirisha yako:

"Leo tarehe fulani mzee ameomba madirisha mawili ya mbele yapanuliwe kutoka futi tano hadi futi nane. Kazi hii haimo katika mapatano ya mwanzo. Vifaa vya kuongeza: nondo, saruji, mchanga. Ufundi: shilingi kadhaa, nusu kabla ya kuanza. Siku zinazoongezeka: nne. Kazi itaanza baada ya sahihi hizi."

Ukiisoma tena utaona jambo kubwa liko mwishoni. Nyundo haiinuki kabla ya kalamu. Kama mzee yuko safarini, ajibu "nimekubali" kwa ujumbe wa simu, na ujumbe ule usiufute.

Kwa kazi zako zijazo, ile karatasi ya kwanza iwe na sehemu inayosema kisichohusika, na sehemu hiyo iwe ndefu kuliko unavyodhani inafaa. Lipu haimo. Shimo la choo halimo. Fensi, umeme, bomba, havimo. Maji ya kujengea analeta nani? Hili dogo nimeliona likila faida nzima ya fundi, anaamka kila alfajiri kuwalipa watu wa toroli madumu kwa hela yake. Tofali zikishushwa barabarani kwa sababu lori limekwama, nani anazibeba mpaka saiti? Na siku ambazo vijana wamekaa kivulini kwa sababu saruji haijanunuliwa, zinahesabiwaje? Umesema miezi mitatu imekuwa saba. Nina wasiwasi kwamba kati ya hiyo, wiki kadhaa ulikuwa unasubiri vifaa, na hukuziandika mahali popote.

La mkopo wa kikundi: hela ya kwanza mzee atakayotoa iende huko, laki nane nzima, kabla ya posho na kabla ya kitu kingine chochote. Mkeo ndiye aliyeweka jina lake pale. Kisha mpigie yule wa Chalinze, si kumlalamikia, umwambie lini utakuwa huru kweli, kwa tarehe. Fundi aliyemchukua huenda naye anaambiwa "ongeza kidogo" sasa hivi.

Ukishakaa na mzee, nitumie vipimo halisi vya nyumba na idadi ya kozi mliyokubaliana. Nitaipiga hesabu ya tofali upya, tuone kama tunapishana.

Shangazi